Chuma Hakikugongwa

Akeyo alijua kuweka kinyongo kama wengine wanavyojua kuweka maharagwe: kikavu, kimefunikwa vizuri, hakiingiwi na dumuzi. Alikuwa mtunza matangi ya maji machafu katika kiwanda cha sweta na blanketi mjini Nakuru, na kinyongo chake kilikuwa na jina la mtu. Jamleck, msimamizi wa idara ya rangi.

Wasioijua kazi yake walidhani anakoroga uchafu tu. Kumbe alikuwa mfugaji. Maji yote ya rangi yaliishia kwenye tangi lake kubwa, na humo waliishi wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, wanaoula ule uchafu mpaka maji yaishe ukali. Aliwaanzisha kwa samadi ya ng'ombe, akawapulizia hewa kwa mashine, na Desemba kiwanda kikifungwa aliwapa molasi wasife njaa. Wakishiba, povu lilikuwa la kahawia kama uji wa wimbi. Baada yao maji yalipitia kidimbwi cha samaki, ambacho wakubwa walipenda mno kuwaonyesha wageni, kisha yakatoka kwa lango dogo la chuma hadi mtaro wa nje wanakolima akina mama.

Kinachowaua wadudu hao ni dawa ya kung'arisha nyuzi. Ndiyo maana palikuwa na sheria moja: kabla ya kumwaga dawa, watu wa rangi wagonge kipande cha reli kilichoning'inia mlangoni kwao. Akeyo akisikia, ageuze valvu, dawa iende kwenye tangi la pembeni na kukaa huko hadi ipungue nguvu.

Jamleck aliiona sheria hiyo kuwa ya kitoto. Mwaka fulani, akiharakisha sweta za shule, alimwaga bila kugonga. Wadudu wakafa wote, maji mekundu ya rangi isiyosafishwa yakafika mtaroni, watu wakaja getini na matawi kulalamika. Mbele ya meneja, Jamleck alisema bila hata kupepesa macho, "Huyu mama alikuwa amelala. Hiyo chuma nilipiga mimi mwenyewe."

Akaaminiwa. Akeyo alipelekwa kufyeka nyasi, akatolewa kwenye nyumba ya kampuni, nyumba aliyozaliwa ndani yake, maana baba yake naye alikuwa fundi wa hapo. Alihamia chumba kimoja mtaa wa Rhonda na mama yake mgonjwa. Alipokuwa kazini, aliyemlisha na kumwosha yule mgonjwa ni jirani, Mama Shantel, mkulima wa sukuma wiki pale mtaroni. Mama yake hakumaliza mwaka. Na nyumba ile akaingia nani? Jamleck. Akakata mlimau wa marehemu mama yake Akeyo apate mahali pa kuegesha gari.

Msiniambie habari za kusamehe. Akeyo aliimba kwaya kila Jumapili na kinyongo hakikutikisika.

Baadaye walimrudisha kwenye matangi, kwa kuwa aliyemrithi alishindwa na harufu. Jamleck hakuwa amejifunza lolote. Bado alimwaga bila kugonga. Ikabidi Akeyo awe wa kunusa. Pua ikimwasha tu, alikimbilia valvu. Kila akikimbia, alikuwa anamwokoa mtu anayemchukia, na hilo lilimuuma kuliko tusi.

Ndipo ikaja siku ya wakaguzi wa serikali. Wafanyakazi walipangwa mstari uani tangu asubuhi, mashati safi, karibu na mlango wa rangi, hatua chache kutoka kidimbwini. Akeyo akiwa kwenye matangi yake, pua ikamwasha. Dawa, tena nyingi. Aliisikiliza ile reli. Kimya. Mkono ukaenda kwenye valvu wenyewe, kwa mazoea, naye akaurudisha mfukoni mwa aproni.

Alikuwa na mpango wake. Dawa ipite, iue wadudu, ifike kwa samaki huku wageni wakitazama. Kisha afunge lango, isivuke kwenda nje. Akaenda kusimama kando ya kidimbwi, karibu na lango.

Wageni walipomaliza chai, Jamleck aliwaongoza, wao na meneja, hadi kidimbwini akijisifu. "Madam, hii maji ni safi. Angalia hizo samaki venye ziko na afya."

Samaki walikuwa wanapinduka. Mmoja, wa pili, kisha matumbo meupe yakajaa juu ya maji yaliyoanza kuwa mekundu.

"Mkimwaga dawa mnafanyaje?" mkaguzi akauliza.

"Tunapiga hiyo chuma, madam. Huyu mama hapa ndiye analala."

Mkaguzi akawageukia watu wa mstarini. "Nyinyi mmesimama hapo asubuhi yote. Imepigwa?"

"Haijapigwa!" wakasema, wengi kwa pamoja, na mmoja akaongeza, "Hata siku moja!"

Jasho lilimtoka Jamleck hadi kola ikalowa. Akacheka peke yake. Akeyo alimtazama. Lango lilikuwa pale pale mgongoni mwake, alihitaji kugeuka tu. Lakini utamu ule aliungoja miaka, akasema moyoni, kidogo tu, nione meneja atamwambia nini. Meneja alimwambia mengi. Akeyo alikunywa kila neno mpaka la mwisho, na alipogeuka kulifunga lango, maji mekundu yalikuwa yameshapita mbele yake muda mrefu.

Jamleck alifutwa. Akeyo alisimama kando ya barabara kumtazama akipakia makochi kwenye pikapu, wala hakujificha.

Jioni hiyo alishuka mtaroni. Mama Shantel alikuwa amepiga magoti katikati ya shamba lake. Alikuwa amemwagilia kwa ndoo siku ile, kama kawaida, na sukuma yote ilikuwa imeungua, majani meupe, mashina yamelegea.

"Jamleck ametumaliza, Akeyo," alisema. "Shantel atarudi shule na nini? Mungu amlaani huyo mtu. Yeye na kila mtu aliyejua akanyamaza."

Mama Shantel alikuwa anamtazama, akingoja kama watu wanavyongoja baada ya maombi.

"Amina," Akeyo akasema.

Kisha akapiga magoti kando yake, wakaanza kung'oa.