Mkono Wangu Kwenye Kaburi la Mama

Kosa ni langu, simsingizii mtu. Nimelibeba peke yangu hadi limenichosha, ndiyo maana ninakuambia wewe usiyenijua.

Miaka ile ya kwanza ya Zaïre, mwanajeshi aliyetwaa nchi alikuwa amepiga marufuku majina ya ubatizo. Ilikuwa majina ya mababu tu, koti la abacost badala ya suti na kravati, na "citoyen", yaani raia, badala ya "monsieur". Mimi nilikuwa katibu wa Chama chake mtaani kwetu, huku Nyawera, mjini Bukavu. Nilivimba kichwa! Hata mke wangu alipaswa kuniita citoyen.

Mama akafa, kwetu Kalehe. Nami kwa majivuno nikawaalika wakubwa wa Chama kwenye mazishi, ili majirani wanione na gari lao. Ujinga gani huo!

Kaka yangu, katekista wa kijiji, alikuwa ameandika msalabani: Veronika. Jina hilo tu. Nilimsihi alifute kabla wageni hawajafika. Akakataa.

"Mama alibatizwa na hii jina," akaniambia. "Njo ile Mungu anamujua nayo."

Tulikuwa bado tunafukia kaburi, mkubwa mmoja akausoma ule msalaba. Akanitazama mimi, si mwingine.

"Citoyen katibu, nani aliandika hii?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema ni mimi! Nikawaza cheo, nikawaza gereza, na mkono wangu ukamwonyesha kaka.

Waling'oa msalaba, wakamchukua kaka kwa gari lile lile nililojivunia. Alikaa ndani miezi saba, akarudi sikio moja halisikii. Mimi nilipandishwa cheo. Nilikubali, Mungu anisamehe!

Sasa majina ya ubatizo yamerudishwa. Juzi nilichongesha msalaba mpya, nikaupeleka Kalehe. Makaburi yamefunikwa na majani, nikashindwa kujua la mama ni lipi. Nikaenda kwa kaka, nikapiga magoti mlangoni, nikamwomba anionyeshe.

"Enda uulize Chama," akasema. Akafunga mlango.

Nilirudi Bukavu na msalaba wangu, uko nyuma ya kabati hadi leo.

Jamani, mkubwa akikutazama namna ile, akikuuliza habari za ndugu yako, sema hujui! Wakikupiga, utapona. Mimi hakuna aliyenigusa, na sijui mama yangu amelala wapi.