Mnyororo wa Karatasi Stesheni ya Kolwezi

Gundi ya unga wa muhogo ikikaa siku mbili kwenye kopo hutoa harufu ya uchachu inayopanda puani na kubaki humo. Kwangu hiyo ndiyo harufu ya Noeli. Wengine Noeli yao hunukia kuku wa kukaanga, au nguo mpya, au ubani wa misa. Mimi hata leo nikipita mahali mtu ameloweka mihogo, moyo wangu huruka kwa furaha kabla akili haijakumbuka kwa nini furaha hiyo ina woga ndani yake. Mwaka ninaousimulia, kopo la gundi lilikuwa chini ya turubai kwenye stesheni ya Kolwezi, kati ya sufuria yetu na magunia mawili yaliyobeba kila kitu tulichobakiwa nacho. Mvua ya Desemba ilinyesha kila alasiri. Ikikatika, harufu ya gundi ilichanganyika na ya grisi ya reli, moshi wa makaa, na tope jekundu lililokanyagwa na watu wengi mno mahali padogo mno. Nilikuwa na umri wa miaka tisa. Mdogo wangu wa kike, Kapinga, alikuwa na minne.

Lazima nieleze tulifikaje pale, na nitaeleza kwa kifupi. Babu yangu aliletwa kutoka Kasai akiwa kijana, kufanya kazi mgodini. Baba alizaliwa Kolwezi, akawa fundi wa mashine Kolwezi. Mimi nilizaliwa Kolwezi na sikuwahi kuiona Kasai hata kwenye picha. Kisha mgodi ukaanza kuporomoka, kazi zikapungua, na wanasiasa wakawaambia watu kwamba waliowamalizia kazi ni sisi, watu wa Kasai. Tuliitwa bilulu, yaani wadudu. Asubuhi moja kundi la vijana lilisimama mlangoni petu na kutupa muda wa kufunga mizigo. Pamoja nao alisimama jirani yetu, Tata Ilunga, mtu wa kaskazini mwa mkoa wetu wa Katanga, ambaye alikuwa amekula kwetu Pasaka ya mwaka uleule. Alitazama viatu vyake. Wiki iliyofuata tukasikia amehamia katika nyumba yetu.

Kutoka Kolwezi hatukuweza kuondoka bila treni, na treni zilikuja zilipotaka. Kila familia ilipewa karatasi ya kupandia, ya rangi ya waridi, yenye jina la baba, hesabu ya watu wake, na muhuri nyuma. Asiye na muhuri hapandi. Hilo lilisemwa kila siku kwa sauti kubwa hadi watoto wakalifanya mchezo. Tulingoja wiki baada ya wiki. Watoto wenzangu walikufa kwa kuhara na surua. Kilio kilisikika leo upande huu wa reli, kesho upande ule, na tulijifunza kutouliza ni nani. Kapinga alipoanza kukohoa, Mama aliacha kusema "tukifika," akaanza kusema "tukiwahi."

Ndipo Mama akaamua kwamba Noeli tutaifanya kama kawaida. Baba alimtazama kana kwamba amepata homa.

"Noeli gani huku? Banatutosha mu nyumba, na weye unataka kupamba plastiki?" Kutosha, kwa Kiswahili cha Kolwezi, ni kutoa.

"Banatutosha mu nyumba, papa Kapinga," Mama akamjibu, huku akikoroga unga. "Habakututosha mu Noeli."

Pambo letu lilikuwa mnyororo wa pete za karatasi, sheni kama tulivyouita. Mama aliurithi kwa mama yake, na sijui nyumba nyingine iliyoufanya kwa namna ile. Kila pete ilikuwa mtu mmoja aliyekula kwetu mwaka ule. Jina liliandikwa upande wa ndani, mahali lisipoonekana, kisha pete ikapitishwa katika ile iliyotangulia na kubandikwa. Aliyekula mara moja alikuwa na pete sawa na aliyekula kila siku. Na mnyororo haukukatwa hadi chakula cha Noeli kiwe kimeliwa. Kuukata kabla, Mama alisema, ni kumwinua mgeni mezani tonge likiwa bado mdomoni.

Mkataji nilikuwa mimi. Nilikata kwa wembe wa Baba, nikipima upana kwa ubavu wa kiberiti, na ukanda uliopishana na wenzake kwa unene wa uzi niliutupa. Mama aliniambia tena na tena, "Ngalula, iyi ni Noeli, haina mutihani." Sikuweza. Tangu tulipofukuzwa nilikuwa nimejiaminisha kwamba kuna kitu tulikikosea, na kwamba nikifanya kila jambo bila dosari, treni itakuja. Najua ni upuuzi. Nakiri pia kwamba sijauacha kabisa. Hata aya hizi nimezifuta na kuziandika mara nyingi kuliko inavyofaa kusema. Siku ile nilikata mifuko ya saruji, karatasi za biskuti za msaada, gazeti la zamani, na mwishowe jalada la daftari langu la hesabu, ambalo nilikuwa nimelitunza nikidhani shule bado inaningoja.

Kapinga aliketi juu ya gunia na kutaja waliokula. Alikuwa na kumbukumbu ya ajabu kwa mambo ya chakula. Alimtaja shangazi, akamtaja katekista, akawataja wanawake watatu wa stesheni waliochota kwenye sufuria yetu juma lile. Kisha akasema, kwa furaha tupu, "Na Tata Ilunga!"

Baba akageuka. "Ule? Hapana."

"Alikula ao hakukula?" Mama akauliza.

"Alikula," nikasema mimi, kwa kuwa ilikuwa kweli.

"Basi, mwandike."

Nilimwandika. Lakini nilimwandika vibaya makusudi, herufi zimelala huku na huku, jina pekee bovu katika mnyororo wote. Nilifikiri hiyo ni adhabu kubwa. Kapinga, ambaye Tata Ilunga alizoea kummenyea muwa, akadai pete yake ikae karibu na ya rafiki yake huyo. Tena akadai iwe ya waridi. "Mi nataka ya roze!" Hapakuwa na karatasi ya waridi. Akalia, na kila akilia kikohozi kikamshika, na kikimshika macho yake yalitoka machozi ya aina nyingine.

Karatasi ya waridi ilikuwepo moja tu. Ilikuwa ndani ya koti la Baba, imekunjwa mara nne. Nilisubiri Mama na Baba waende kuchota maji, nikaitoa. Sehemu yake ya chini ilikuwa tupu, pana, safi. Niliwaza kwamba nikikata kwa unyofu hakuna atakayejua kwamba karatasi iliwahi kuwa ndefu zaidi. Nikakata. Ulikuwa ukanda mzuri kuliko yote niliyowahi kukata. Nilipougeuza ili niandike jina, nikaona muhuri.

Hapa ndipo kwa miaka mingi nilikuwa nikidanganya. Niliwaambia watu kwamba sikuuona. Niliuona. Nilijua ni nini, kwa sababu mchezo wa muhuri niliucheza pia. Lakini kulikuwa na sauti ya ndoo inakaribia, na mtoto anayenitazama, na mimi ni mtu ambaye kukiri kosa kulinitisha kuliko kosa lenyewe. Nikaandika "Kapinga" pembeni ya wino wa buluu, nikaukunja muhuri kwa ndani, nikaubandika. Karatasi iliyobaki niliirudisha kotini. Kwa siku mbili mnyororo ulining'inia kati ya miti miwili ya turubai, watu wakija kuuangalia na kuusifu, na mimi nikisimama mbele ya pete ya waridi ili wasiiguse.

Treni ilikuja mkesha wa Noeli, saa nne asubuhi, mabehewa ya mizigo yasiyo na viti wala madirisha. Stesheni nzima ilisimama kwa pamoja. Mama alimfunga Kapinga mgongoni, akauteremsha mnyororo, na kwa kuwa haukunjiki bila kuharibika, akajizungushia shingoni na mabegani. Kwenye foleni alionekana kama bibi harusi. Mbele kulikuwa na karani mwenye koti la mvua la plastiki, ameketi nyuma ya meza. Baba alimpa karatasi. Karani akaigeuza kutafuta muhuri, akaigeuza tena.

"Tata, kashe iko wapi?"

"Iko nyuma. Chini."

"Nyuma hakuna kitu. Mi naona karata ilikatwa na wembe. Ile kashe ulimupatia nani?"

Baba aliinama mezani, akapapasa kwa kidole ukingo uliokatwa. Huyu ni mtu ambaye mashine za tani nyingi zilikuwa zikimtii. Karani akaisukuma karatasi pembeni. "Murudi nyuma. Wenye kufuata!" Kapinga akakohoa mgongoni mwa Mama, kikohozi kirefu kilichofanya wanawake wawili wageuke. Nikajua kwamba nikinyamaza hapo, nitanyamaza maisha yangu yote.

"Ni mi," nikasema. "Mi njo nilikata. Kashe iko mu sheni. Ya Kapinga."

Mama alinitazama. Kisha akapapasa begani hadi akaipata pete ya waridi, akaiinua kwa vidole viwili mbele ya uso wa karani.

"Kashe iyi hapa."

"Toa."

"Haitoke."

"Mama, kata ile kitu, banangoja!"

"Noeli ni kesho. Batu habayakula. Haikatwe," Mama akasema, bila kupandisha sauti. "Si uko na macho, tata? Soma."

Mwanamke nyuma yetu akapaza sauti: "Inama, tata, inama! Leo karani anainamia bilulu!" Foleni ikalipuka. "Zunguka polepole, utaanguka!" mwingine akasema. "Mumupatie taa!" Watu ambao hawakuwa wamecheka kwa miezi walishikana mabega. Karani, shingo imeiva kwa aibu, alisimama, akazunguka meza, akainama, akachungulia ndani ya pete ya mtoto wa miaka minne kama mtu anayechungulia tundu la panya. Aliisoma robo ya muhuri, akamzunguka Mama hatua moja, akasoma robo nyingine. Kidole chake kikaigusa pete iliyofuata, akaifungua kidogo, akakunja uso kwa yale maandishi mabovu.

"Ilunga. Iyi ni jina ya kwetu. Anafanya nini humu?"

"Alikula."

"Alikula nini?"

"Kuku. Ku Pasaka."

Watu wakacheka tena, lakini karani hakucheka. "Na sasa iko wapi?"

"Mu nyumba yetu," Mama akasema.

Kicheko kikakatika. Karani akanyooka. Aliitazama karatasi mezani, akamtazama Baba, akaandika kitu tusichokiona. "Mupande," akasema, na kutusukuma kwa mgongo wa mkono kuelekea behewa.

Sitaki kumfanya mtu mwema. Nimesoma simulizi za aina hii ambamo mwishowe tunatakiwa kumshukuru aliyeshika mlango wakati tunatupwa nje. Simshukuru. Alifanya kazi aliyotakiwa kuifanya, ambayo kwanza haikupaswa kuwepo. Mnyororo tuliutundika ndani ya behewa, kwenye misumari ya mizigo, na kesho yake treni iliposimama porini kabla ya mji wa Kamina tulikula bukari baridi, yaani ugali, na samaki mkavu, watu wa behewa zima. Mama aliomba majina yao wote, akaniambia niyaweke kwa mwaka unaokuja. Hakunipiga. Hakuwahi hata kulitaja jambo lile, na hadi leo kuna sehemu yangu inayomngoja anipige.

Kapinga alipona. Huko Kasai, mahali walipopaita kwetu, watoto walitucheka kwa sababu tulizungumza Kiswahili, na Tshiluba chetu, lugha ya kule, kilikuwa cha kubahatisha. Shule yangu iliishia hapo. Kiswahili hiki ninachoandika nilijifundisha kwa vitabu vilivyochanika, neno kwa neno, kwa ukaidi: kama walitutoa kwenye nyumba, kwenye lugha hawatatutoa. Nilipokuwa mtu mzima nikarudi Kolwezi, na hapa ndipo ninapoishi, malori ya kobalti yakitikisa dirisha langu. Madukani kuna mapambo ya Noeli yanayong'aa, yaliyokuja yamekamilika. Binti yangu anayapenda. Sheni tunaifanya hata hivyo, na ninamwacha akate mwenyewe, vipande vipana na vyembamba, nikiwa nimeikalia mikono yangu.

Tofauti kati ya wakati ule na sasa sioni kama ni kubwa sana. Hakuna anayesimama mlangoni kwangu. Lakini maneno yale yale hurudi kila siasa zikichemka, na karatasi bado zinauliza. Mwezi uliopita nilikwenda kumwandikisha binti yangu shule. Fomu ilikuwa na mstari wa asili. Nikaandika Kolwezi. Karani wa pale, mama mpole wa makamo, akatikisa kichwa. "Haina vile, mama. Banauliza kwenu."

"Kolwezi njo kwetu," nikamwambia.

Akatabasamu kama anayemsaidia mtu asiyejua kusoma, akalikata neno langu kwa mstari, akanionyesha nafasi ndogo juu yake ya kuandika Kasai. Nikaomba fomu nyingine. Nikaijaza yote upya, na kwenye asili nikaandika Kolwezi. Akalikata tena, safari hii bila tabasamu. Nyuma yangu foleni ilianza kunung'unika.

Nikaomba ya tatu.