Bendi Aliyoiahidi Mama Mdogo

Nilijiunga na bendi ya chuo kwa sababu mezani kwao palikuwa na kiti kitupu. Ilikuwa wiki ya kuwakaribisha wanafunzi wapya, mwishoni mwa miaka ya tisini, na ukumbi mzima ulijaa meza za vyama: cha wapanda milima, cha waonja jibini, cha watu wanaopenda kutazama treni zikipita. Mimi nilikuwa nimeamka kabla ya alfajiri kwenda kusafisha ofisi za watu kule mjini, kisha nimekuja moja kwa moja kujiandikisha, na nyayo zilikuwa zinaniwaka moto. Nikaona kiti. Juu ya meza palikuwa na tromboni. Nikakaa, na kwa kuwa si adabu kukalia kiti cha watu bila sababu, nikaichukua nikaipuliza.

Wakageuka wote. Kumbe tangu asubuhi walikuwa wanapata vijana wenye hamu tele na pumzi haba. Msichana mmoja mwenye sauti kubwa, mwanafunzi wa uhandisi, akanishika mkono na kuliandika jina langu kabla sijaamua lolote. Yeye ndiye aliyekuwa kiongozi. Alikuwa amesoma mwaka mmoja Marekani, akaona bendi za vyuo vya kule zinavyopiga muziki huku zinatembea uwanjani, akarudi London na wazo hilo pamoja na sare za mtumba, nyekundu, zenye vifungo vya dhahabu. Yangu ilinibana kwapani.

Kupuliza nilijifunza nyumbani, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Usharika wetu wa Kilutheri ulikuwa na kikundi cha matarumbeta, madogo kwa makubwa, na mwalimu wetu alikugawia sauti ukiwa mtoto, nawe ukabaki nayo mpaka meno yakuishe. Mimi alinipa sauti ya tatu, ile ya katikati, inayoujaza wimbo lakini yenyewe si wimbo. Ukiisikia peke yake utadhani ni mtu anayetafuta funguo zake sakafuni. Sikuwahi kujali, maana sikuwahi kupiga peke yangu. Tulipiga ibadani, tulipiga makaburini alfajiri ya Pasaka, na zaidi ya yote tulipiga misibani. Mwanakikundi akifiwa, au jirani yake, au mkwe wa jirani yake, hakuna aliyengoja kuombwa. Unasikia fulani ametangulia, unashusha chombo chako ukutani, unakwenda. Mnalitangulia jeneza kutoka barabara kuu mpaka kwenye migomba ya marehemu, hatua moja, kituo, hatua moja, kituo.

Na huo ndio mwendo pekee niliokuwa naujua. Mazoezi yalikuwa Jumatano mchana, kwenye maegesho ya magari nyuma ya maabara. Kiongozi akipuliza filimbi wenzangu walirusha magoti juu na kuondoka mbio mbio, mimi nikapiga hatua moja, kituo. Waliokuwa nyuma wakanivaa mgongoni. Mpiga ngoma kubwa akanikanyaga kisigino.

“Unatembea kama kuna mtu amekufa!” kiongozi alinipigia kelele kwa Kiingereza chao, akicheka.

Nilimjibu kwamba huwa yupo. Akadhani natania.

Nilikuwa na hasira zangu wakati ule, sifichi. Nilikaribia miaka thelathini, na wale walikuwa watoto waliotoka mikononi mwa mama zao juzi tu. Walilala mpaka jua limepanda, kisha wakaja mazoezini wakijinyoosha na kusema wamechoka. Wamechoka! Mimi siku za wiki nilisafisha ofisi kabla hakujapambazuka, Jumamosi na Jumapili niliogesha na kulisha wazee kwenye nyumba ya kuwatunzia, na katikati ya hapo nilikaa kwenye mihadhara ya uhasibu nikibana paja ili nisikorome. Uchovu wangu haukuwa ule wa kulala ukaamka umekwisha. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na isitoshe, jioni za Jumatano nilirudi nyumbani nikiwa nimechoka kifua badala ya mgongo. Nilifurahia mabadiliko hayo madogo.

Nyumbani kulikuwa Woolwich, kwa mama mdogo, anayemfuata mama yangu kwa kuzaliwa. Alinitangulia London miaka mingi, na kazi yake ilikuwa usafi wa hospitali. Nilipomwambia nimeingia kwenye bendi ya chuo alizima jiko akakaa chini.

“Bendi ya matarumbeta kabisa? Na uniform?”

“Na uniform, mama.”

“Mungu ni mwema. Sasa na sisi tuna watu.”

Sikuuliza tuna watu wa nini. Nilitaka kula nilale.

Nilielewa Novemba, alipofariki mzee mmoja wa kwetu aliyekuwa akiishi mtaa wa pili. Kwa desturi yetu mtu wa Kilimanjaro huzikwa nyumbani, kwenye shamba lake la migomba, hata awe amefia mwezini, na watu wetu wa London walishazoea kusafirisha miili. Lakini watoto wa mzee huyu wote walizaliwa huku, wakataka baba yao alazwe mahali wanapoweza kumfikia kwa basi. Mjane alikubali shingo upande. Kwenye kikao cha msiba, sebule imefurika watu mpaka ngazini, aliangua kilio akisema mumewe anakwenda kufukiwa kama mtu asiye na kwao. Hapo ndipo mama mdogo aliposimama mbele ya wote akamwahidi matarumbeta.

Mimi sikuwepo, nilikuwa kazini. Nilipewa habari nikiwa bado sijavua koti.

“Nimemwambia bendi nzima itakuja,” mama mdogo alisema. “Migomba hatuna, lakini matarumbeta yapo.”

“Mama, ile ni bendi ya chuo.”

“Si ndiyo yako?”

“Wanapiga kwenye mechi za raga.”

“Na mtu wao akifiwa?”

Nilifungua vifungo vya koti, nikalivua.

“Burial ni Jumamosi, saa tano. Kama una shift, swap na mtu. Na uwaambie wavae zile nyekundu.”

Ningemkatalia, lakini aliniambia pia kwamba baada ya ahadi ile mjane alikubali kunywa uji, kitu cha kwanza kupita kooni kwake tangu mumewe afariki. Nani angerudi kwake kumwambia hakuna bendi? Si mama mdogo, ambaye heshima yake pale mtaani ilikuwa neno lake. Na si mimi.

Jumatano nilimwendea kiongozi kabla ya mazoezi. Nilikuwa nimepanga maneno ndani ya treni. Nikamwambia tumepata msiba, mzee wetu amefariki, mazishi ni Jumamosi, na kwetu sisi mtu wa bendi akifiwa, basi bendi huwa... Sikufika mbali. Alinikumbatia. Macho yake yalijaa machozi ya kweli, namshuhudia mpaka leo.

“Jumamosi tuna mechi, lakini usijali hata kidogo,” alisema. “Chukua siku yako. Chukua wiki nzima ukihitaji.”

Akawaambia wengine. Wakaja mmoja mmoja kunigusa bega. Mpiga ngoma kubwa, yule wa kisigino, alinipa chokoleti. Nilikwenda kuomba watu, nikapewa ruhusa. Ningeweza kuanza upya, lakini jambo lenyewe kwetu haliombwi, na maneno ya kuliomba sikuwa nayo hata kwa Kiswahili. Tena nilikuwa nimesimama tangu alfajiri. Nilisema asante, nikamwomba tromboni niende nayo nyumbani, akanipa.

Mama mdogo nilimweleza usiku ule ule. Aliendelea kukunja nguo, kisha akasema vijana wa siku hizi huwa hawasemi lakini wanakuja. Nilijua hawaji. Nadhani na yeye alijua.

Makaburi yalikuwa juu ya kilima, si mbali na kwetu, na upepo wa huko hauna huruma. Nilivaa sare nyekundu chini ya koti jeusi. Watu walikuwa wengi: watu wetu, Wakongo wa kanisa la jirani, Mhindi mmoja mzee mwenye duka aliyezaliwa Moshi na aliyekuwa akizungumza na marehemu kila asubuhi. Pembeni, wanaume wawili wa makaburi walisubiri wamekaa kwenye kijitrekta cha kufukia. Kwetu majirani ndio wanaofukia, wakipokezana koleo. Huku ni trekta.

Nililitangulia jeneza kutoka langoni, hatua moja, kituo. Mchungaji aliposoma na kumaliza, akanipa ishara. Niliipiga sauti ya tatu ya wimbo ambao kwetu hakuna anayezikwa bila huo, kwa sababu ndiyo sauti niliyokuwa nayo. Watu walivuta pumzi waimbe, lakini hawakupata pa kuingilia. Walitazamana. Watoto wa marehemu walisimama mikono mifukoni, wakiwa na uso wa mtu anayesubiri kitu kianze. Mama mdogo akaamua kuanzisha mwenyewe, akaanza juu mno, sauti ikamkatikia, na wachache waliomfuata wakapotea naye. Ubeti wa pili midomo yangu ilikufa ganzi. Nilitoa pumzi tupu. Niliona aibu ambayo hata leo nikiikumbuka naangalia chini.

Mjane alinijia trekta ikianza kunguruma. Alijifunga khanga juu ya koti. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

“Shikamoo mama. Pole sana.”

“Marahaba, baba. Asante.” Akachungulia nyuma yangu. “Na wenzako?”

“Wako njiani,” mama mdogo alidakia. “Traffic ya Saturday, dada, si unaijua.”

Mjane akaitikia kwa kichwa. Muda wote udongo ulipokuwa unaingia, watu wakitazama kaburi, yeye alikuwa anatazama langoni.

Tulirudi kwa basi. Mama mdogo alivua viatu, akaweka juu yake miguu yenye soksi zilizolowa, akafumba macho. Nilidhani amelala. Nilishukuru, kwa sababu nilikuwa sitaki kusemeshwa na mtu yeyote.

“Mimi pia watanizika huku,” alisema bila kufumbua macho. “Usinitazame hivyo. Nani wa kunirudisha? Kaka zangu wamekwisha. Huku ndiko nitakakobaki.”

“Mama, acha maneno hayo.”

“Siku yangu usije peke yako.”

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyonikumbusha kufunga dirisha. Kisha akalala kweli, kichwa kikigonga kioo, na mimi nikakaa nikitafuta kichwani ni nani nitakayekwenda naye. Msimamizi wangu wa usafi hakuwa amelishika jina langu. Wazee niliowaogesha wangekuwa wameshatangulia wenyewe. Kote London, mji wenye watu kama siafu, waliowahi kunigusa bega walikuwa wale watoto wa bendi, nao siku hiyo walikuwa kwenye mechi.

Jumatano iliyofuata nilikwenda mazoezini mapema. Kiongozi alikuwa anapanga stendi za karatasi za muziki kwenye maegesho, akaniuliza mazishi yalikwendaje. Nilimwambia yalikwenda vibaya. Nikamweleza tena, polepole, na safari hii sikukubali kukumbatiwa kabla sijamaliza. Nikamwambia kwamba wiki ile sikuwa naomba ruhusa. Nilikuwa nawaomba waje.

Aliacha alichokuwa anafanya.

“Sote?”

“Nyote.”

“Tungekuja,” alisema. “Mechi ni mechi tu. Mungu wangu, tungekuja.”

Nilimwamini, na hilo ndilo lililonichosha kuliko kazi zote nilizowahi kufanya mji ule. Nilikaa kwenye ukingo wa lami. Yeye akaja akakaa pembeni yangu, na kwa vile sikuwa na nguvu za kupanga maneno, nilimuuliza moja kwa moja: kama ingekuwa mtu mwingine, siku nyingine, mama yangu mdogo, je?

“Anaumwa?”

“Hapana. Mzima kabisa. Sasa hivi yuko kazini.”

Wazungu huogopa maneno kama hayo, na nilitegemea atacheka au atabadilisha mazungumzo. Hakucheka. Alifikiri kidogo, akasema watakuja, hata kama yeye atakuwa ameshamaliza chuo, nimtafute atawakusanya. Kisha akaniuliza mama mdogo anapenda wimbo gani, ili waanze kujifunza.

Nilifungua mdomo nimjibu. Nilikuwa nimekaa nyumbani kwa mama mdogo miaka minne, nimekula chakula chake, nimemsikia akiimba jikoni kila Jumapili usiku huku nimejifunika shuka kichwani nitafute usingizi. Sikujua.