Fomu Iliyouliza Saa

Miaka ya sabini nilikuwa na tai moja ya buluu na maringo ya watu kumi. Nilikuwa mmoja wa vijana wachache mjini Nakuru waliojua kuiamrisha kompyuta, na chama cha ushirika cha maziwa kilikuwa kimeniajiri. Kila kituo cha kijijini kiliandika saa maziwa yalipopokelewa kutoka kwa wakulima, kiwanda kikaandika saa yalipofika mjini, wasichana wa ofisini wakatoboa tarakimu hizo kwenye kadi za kulishia kompyuta. Mwisho wa mwezi mashine ilituambia ni kituo gani kinaacha maziwa yakae mpaka yanachacha.

Fomu zote zilikuwa za Kiingereza. Mimi mjanja nikatengeneza ya Kiswahili, tuijaribu kwanza kituo kimoja tu, kule Njoro. Nilijisifu nayo ofisini kutwa nzima. Na Njoro ni hapo tu! Lakini sikwenda hata siku moja kumtazama mama aliyesimamia kituo hicho akiijaza, wala sikumwuliza lolote. Nilimpa dereva wa lori ampelekee, nikarudi kwa mashine yangu.

Mwisho wa mwezi karatasi ikatoka. Vituo vingine, masaa mawili. Njoro, masaa manane! Nikapekua programu yangu mstari kwa mstari, sikuona kosa, nikampelekea meneja. Naye akamwita yule mama.

Alikuja na sweta yake ya kanisani, viatu vimefutwa vumbi. Alikuwa akipokea maziwa pale tangu kituo kifunguliwe, na ni kazi hiyo iliyowaweka watoto wake wanne shuleni.

"Unalaza maziwa, mama," meneja akamwambia. "Mashine haina chuki na mtu."

"Mimi? Nilaze maziwa? Haki ya Mungu, uliza mtu yeyote Njoro!"

Hakuulizwa mtu. Aliambiwa aache funguo za kituo, akaziweka mezani polepole, moja moja.

Mlangoni akanigeukia, maana fomu zake nilikuwa nimezishika mimi.

"Kijana, ni wewe uliandika hii karatasi?"

"Ndiyo, mama."

"Imeniuliza na Kiswahili, nikaijibu na Kiswahili. Sasa nimekosa wapi?"

Nikaitazama. Kwenye kisanduku cha SAA, kwa mwandiko wa mtu anayejikaza asiharibu, siku baada ya siku: 1. Saa moja. Saa moja asubuhi, jua ndio linatoka, watu wanateremsha mikebe kutoka kwa punda. Lakini mashine nilikuwa nimeifundisha saa za Kizungu, ikasoma saa saba ya usiku. Kiwandani, kwenye fomu yao ya Kiingereza, wao waliandika 9, yaani saa tatu asubuhi. Ebo! Na mimi nimelelewa na saa hizo hizo. Mama yangu akiniambia nije saa moja, nilikuwa nafika saa moja, sikuwahi kumtokea saa saba ya usiku.

Neno moja tu lingetosha. Meneja alikuwa hapo, funguo bado ziko mezani. Lakini nikafikiria watakavyonicheka, msomi mzima wa kompyuta asiyejua kusoma saa. Nikaogopa. Nikamwambia mama wa watu, "Nitaangalia." Akanishukuru! Akaniambia Mungu anibariki, akashuka ngazi. Naona haya hata sasa ninapoandika, na sijawahi kumwambia mtu, hata mke wangu.

Ile fomu ya Kiswahili niliitoa kimyakimya, nikarudisha ya Kiingereza. Kituoni wakamweka mtu mwingine.

Mwezi uliofuata karatasi ikatoka: Njoro, masaa mawili. Meneja akanipiga begani, amefurahi kweli.

"Umeona? Shida ilikuwa yule mama."

"Nimeona, mzee," nikasema.