Kaka Yunusi Alionja Kwanza

Kaka yangu Yunusi nampenda, lakini kichwa chake ni kigumu, hujapata kuona. Nalisema hili mapema msije mkadhani namsengenya. Nimeshamwambia usoni, tena mbele ya watu, na yeye akacheka tu.

Lile lambo lililo chini ya mikorosho yake alilichimba mwenyewe kwa jembe na karai. Alianza mwaka aliofiwa na mkewe. Watu wa Kilimarondo walimwita chizi, na mimi dada yake, Zaina, nilimwita chizi kuwazidi wote. Mtu mzima unachimba shimo miaka saba, la nini? Mvua za mwaka wa nane zikaja, shimo likajaa, na mpaka Novemba maji yalikuwa bado yapo. Basi waliomcheka wakaja na ndoo. Wa kwanza kuja na ndoo ni mimi, sina haya.

Kabla ya hapo maji tuliyafuata kwenye pampu ya shuleni, mwendo wa saa nzima kwenda na saa nzima kurudi. Kwa hiyo lambo lilimpa kaka heshima. Jioni alikaa ukingoni na kikombe chake cha bati, na kila aliyefika kuchota alimpa ya kunywa kwanza. Na kwetu huku anayekupa maji lazima aonje mbele yako. Tunaita kutoa uchawi. Hata mama akimpa maji mwanawe wa kumzaa, anapiga funda moja ndipo anamkabidhi. Kaka alipiga funda, akapangusa mdomo, akasema, "Haya, kunywa. Mimi nipo."

Mjukuu wake Raudha, wa miaka minne, alikuwa akiishi naye. Mama yake, Shamimu, ndiye binti pekee wa kaka, anauza dagaa sokoni Ruangwa, na mtoto alimwachia babu. Huyo Raudha sasa! Uji hali, maji hanywi, mpaka babu aonje. Nikijaribu kumpa mimi anafunga mdomo na kuangalia pembeni, ananichekesha na kuniudhi kwa pamoja.

Mwaka jana mwezi wa nane maji yakabadilika. Asubuhi moja nafika na ndoo yangu, nakuta lambo zima kijani, utadhani mtu kamwaga kopo la rangi ya mlango. Ukingoni utando ulikuwa umeganda, umeanza kupauka kuwa wa manjano, na unanuka. Nikamwita kaka. Ulikuwa msimu wa kupulizia mikorosho salfa, na yeye ndiye mpulizaji wetu, mashine mgongoni, kope na ndevu zimejaa unga wa manjano.

"Salfa hiyo," akasema. "Upepo umeipeleka majini. Mimi hii salfa naivuta kila mwaka, imeniua?"

Na sisi tukakubali! Jamani, tulikubali. Salfa tunaijua tangu utoto, inatukaa kwenye nguo na kwenye ugali, nani ataiogopa? Tukawa tunasogeza utando kwa mkono, tunachuja maji kwa kanga, tunachemsha. Kuchemsha nilichemsha mpaka yakaruka, naapa.

Wiki ya pili mbuzi wa jirani yetu Imrani walikwenda kunywa adhuhuri, upande ule upepo ulikosukumia utando. Watano. Nilikuwa naanika muhogo, nikasikia mtu anapiga kelele, nikakimbia. Mama yangu wee! Watatu walikuwa wameshakufa palepale ukingoni, pua bado zimelowa. Wawili wanapiga miguu chini na mapovu mdomoni. Sikuwahi kuona mnyama anakufa haraka namna ile bila kisu. Imrani alikuwa amesimama kashika kichwa.

"Yunusi umetia sumu!" akafoka. "Umeona nyanya zako za hapa lamboni zinaliwa na mbuzi wangu, umetia sumu!"

Watu wakajaa. Kaka akafika na salfa yake usoni. Alichukua kikombe cha bati, akachota palepale penye kijani, akanywa chote, si funda moja. Akageuza kikombe juu chini tukaona hakuna hata tone.

"Mimi nipo," akasema. "Kesho njooni mnitazame."

Kesho yake tulikwenda, na kweli tulimkuta amesimama. Imrani mwenyewe akasema labda mbuzi walikula majani mabaya. Ndoo zikarudi lamboni. Kaka siku mbili zile alikuwa akiingia sana mikoroshoni, kila saa, anasema anakagua maua. Mimi nikamtania, "Maua gani hayo unayakagua mbiombio?" Hakucheka. Ilinipasa kujiuliza, lakini sikujiuliza.

Siku ya tatu Raudha akaanza kutapika. Akaharisha, akalala, akiitwa haitiki. Nikamfunua macho: manjano! Weupe wote wa jicho umekuwa manjano. Nilipiga ukelele mpaka koo likauma. Tukapanda bodaboda, mimi nyuma, mtoto katikati yangu na dereva, dereva anakwepa mashimo na mimi namwambia asikwepe, aende tu. Kaka alikuja nyuma kwa baiskeli, njia yote ile mpaka hospitali Nachingwea, na umri wake ule.

Daktari akasema ini limeumia. Akauliza mtoto kanywa nini. Nikamwambia, na kesho yake akaja kijijini bibi afya, binti anaitwa Felomena, kavaa glovu na buti, anachota maji kwenye chupa kwa tahadhari kuliko tunavyoshika nyoka. Mimi na kaka ndio tuliompeleka lamboni, mtoto tukamwacha na manesi.

"Shikamooni. Maji haya mlikuwa mnachemsha?" akauliza.

"Mpaka yanaruka, mwanangu," nikasema.

Akatikisa kichwa. Akasema ule ukijani ni mwani, vitu vidogo mno visivyoonekana kimoja kimoja, na mwingine una sumu. Moto unaua vijidudu, lakini sumu ile haiondoki, haiondoki hata kwa kanga. Ukichemsha sana maji yanapungua na sumu inabaki kwenye yaliyosalia. Mtu mzima anaweza kuumwa tumbo na kuponea hapo. Mtoto mdogo mwili wake hauwezi kiasi kilekile. Majibu ya maabara yangechelewa, akasema, lakini kwa alivyoona mbuzi na mtoto, hapa hakuna mtu kunywa, wala kuoga, wala kunywesha mifugo.

Mimi ndiye niliyekuwa nachemsha! Nilijiona mama mwenye akili kuliko wote.

Kisha Felomena akatazama juu, kwenye mteremko. "Zizi lile la nani? Na samadi hii ya kwenye nyanya?"

"Yangu," kaka akasema. Alihamishia zizi pale ili mbuzi wake wasiende mbali, na nyanya akazilima kuzunguka lambo lote, samadi na urea kila msimu.

"Mvua inaishusha yote majini, mzee. Mwani unakula mbolea kama nyanya zinavyokula. Maji yakipungua na jua likiwaka, unafumuka."

Kaka akakaa chini, kwenye udongo ule alioutoa mwenyewe kwa karai.

Nilidhani nimeshashtuka vya kutosha. Kumbe bado. Tuliporudi hospitali tulimkuta Shamimu amefika kutoka Ruangwa, amekaa kitandani, kamshika mtoto mguu. Nikamweleza yote, kikombe, mbuzi, mwani. Alisikiliza, kisha akamgeukia baba yake.

"Baba, na wewe ulikunywa. Tumbo halikukuuma?"

Kaka akaangalia sakafu. "Liliuma."

"Lini?"

"Usiku uleule. Nimeharisha siku mbili. Nilikuwa naingia mikoroshoni."

Yalaa! Nilisimama. Maua! Ndiyo maua aliyokuwa anayakagua!

"Ulijua, baba, na ukanyamaza?" Shamimu hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu angepaza.

"Ningesema, wangeliacha lambo," kaka akasema. "Miaka saba, mwanangu. Nikadhani ni tumbo tu."

Nilitaka kumpiga. Mtu mzima mwenzangu, kaka yangu, nilikunja ngumi. Nesi akanitoa nje nikae kwenye benchi.

Raudha alilazwa siku kumi na moja. Mungu ni mkubwa, macho yalirudi meupe. Kaka hakusubiri kuambiwa na mtu. Alizungushia lambo miiba pande zote, akang'oa nyanya, akahamisha zizi mbali, ng'ambo ya pili ya mteremko. Kisha akapita nyumba kwa nyumba akisema, "Niliumwa, nikaficha." Kwa Imrani alikaa sana. Sijui walisemezana nini.

Siku mtoto aliporudi nyumbani, kaka alikuwa ameshakwenda pampu ya shuleni alfajiri. Alimimina maji kwenye kikombe kipya cha plastiki, akampa. Raudha akakishika kwa mikono miwili, akamrudishia.

"Babu, onja."

Kaka akakipokea. Akakiinua, maji yakamwagikia kanzu, akashindwa kukifikisha mdomoni. Nikamnyang'anya nikaonja mimi. Raudha akafunga mdomo, akaangalia pembeni.

Basi kaka akakichukua tena, akapiga funda, machozi yanamtoka waziwazi mbele ya bintiye. Akamkabidhi mtoto. Raudha hakunywa. Alikaa anamwangalia usoni, muda mrefu, kikombe kiko mapajani.

"Tumbo halikuumi?" akauliza.

"Haliumi, mjukuu wangu," kaka akasema. "Likiuma nitasema."