Vipeperushi Ndani ya Madaftari ya Serikali

Saa mbili asubuhi sufuria la maji linatokota, na Mama Gundi anapitisha jalada la daftari la vizazi juu ya mvuke. Halivuti kwa nguvu. Analibembeleza kwa kisu butu mpaka linaachia ganda moja la karatasi, kisha la pili. Mara anapiga chafya.

"Huyo ni baba," anasema, anacheka mpaka machozi.

Baba yake, aliyemrithisha kazi ya kujalidi vitabu, alitia pilipili katika gundi yake ya unga ili mende wasile majalada. Hakuna fundi mwingine kisiwani aliyefanya hivyo.

Ganda la tatu lina maandishi. Ni kipeperushi cha vuguvugu lililodai kisiwa kijitawale, miaka arobaini na mbili iliyopita: bandari yetu, shule zetu, uamuzi wetu. Lilipopigwa marufuku, baba alikabidhiwa vipeperushi mia tatu avifiche. Wiki hiyohiyo viongozi wakakamatwa. Watu wakajumlisha moja na moja, wakasema kawauza. Yeye alijibu tu kwamba karatasi ziko mahali salama, maana kusema zaidi kungewaponza wengine. Akafa anaitwa msaliti.

"Hata siku ya harusi yangu neno hilo lilisemwa," anasema Mama Gundi. "Liliniuma, na bado linaniuma."

Kumbe, jamani, alivigandisha ndani ya majalada ya madaftari ya serikali yenyewe! Waliovisaka nyumba kwa nyumba walikuwa wakiyafungua na kuyafunga madaftari hayo kila siku ofisini. Siri ilifichuka mwezi uliopita, paa la masjala lilipovuja na Mama Gundi akaletewa madaftari yaliyolowa. Mpaka leo ametoa vipeperushi mia mbili na kumi na nane.

Pembeni ameketi mzee wanayemwita Spika, mmoja wa viongozi waliofungwa. Ndiye wa kwanza aliyetamka neno msaliti. Siku hizi huja kila asubuhi kusoma kila karatasi inayotoka, na ameomba azungumze Jumamosi kwenye maonyesho ya historia ya vuguvugu.

"Nilimchafua hadharani, mwanangu," anasema. "Nitamsafisha hadharani."

Mama Gundi anafuta kisu, kisha anamsogezea karatasi ambayo bado ina unyevu.

Vipeperushi vikishatoka vyote, atavijalidi viwe kitabu kimoja, kwa gundi ileile ya pilipili.

"Mtu akikifungua apige chafya, aulize kwa nini," anasema. "Hapo ndipo watu waanze kumtaja baba."