Ng'ombe wa Msibani

Nakumbuka siku moja ya msiba, mwanangu, ambayo nyama ilikuwa nyingi kuliko machozi. Mume wa shangazi yangu Kabula alikuwa amezama ziwani, na sisi ndugu tulikuwa nyumbani kwake Pasiansi tukimaliza matanga. Ng'ombe waliletwa na tajiri mmoja aliyekuwa akigombea udiwani. Mimi nilikuwa kijana mwenye meno mazima, nikala.

Tajiri yule alikuwa na makokoro, zile nyavu za haramu zinazokokotwa hadi ufukweni na kuzoa hata vifaranga vya sato. Alishakamatwa, na kila mara kesi iliyeyuka. Sasa sisi huku, nawe unatujua, mtu akikusaidia kuzika humgeuzii mgongo maisha yako yote. Ndiyo maana alipenda misiba kuliko mikutano ya hadhara. Mjanja alikuwa mjanja, nisimnyime sifa yake.

Tulipokwisha kunawa, mpambe wake akasimama. Akasema aliyetuzikia ndugu yetu anaomba kura zetu, na familia yenye utu haiwezi kumnyima. Wazee wakatikisa vichwa kukubali.

Shangazi akanyanyuka kwenye mkeka. Alikuwa mwanika dagaa, mtu wa sauti ndogo.

"Nyama tumekula, tunashukuru," akasema. "Lakini mume wangu hakuwa anavua mbali. Alianza kwenda mbali baada ya hapa karibu kukokotwa mpaka samaki wakaisha. Sasa mnataka nimpe aliyewamaliza kazi ya kuwalinda?"

Mpambe akatafuta viatu vyake.

Ningependa kukuambia kwamba tajiri alishindwa. Alishinda, mwanangu, maana misiba aliyohudhuria ilikuwa mingi na shangazi alikuwa mmoja. Walinzi wa mwaloni, pale mitumbwi inapopakua samaki, wakawa vijana wake. Aliyekamatwa akiwa na kokoro alitaja jina la diwani, akaachiwa. Baba yangu akauza mtumbwi wake. Niliumia sana, sikufichi.

Uchaguzi uliofuata akaleta ng'ombe tena. Tukawala, tukamshukuru kwa heshima zote, kisha tukampigia kura fundi cherehani asiye na hata baiskeli. Fundi yule alikuwa mbishi kupindukia, lakini makokoro aliyachoma hadharani, pamoja na la mjomba wake. Leo nikishuka mwaloni asubuhi nakuta sato wa kueleweka, nachagua mmoja, narudi nyumbani nimeridhika.

Nasikia sasa kuna mgombea anayewajazia vijana mafuta ya bodaboda pale Buzuruga, na mali yake ina maneno mengi. Basi nisikilize. Aliyekusaidia msibani, msaidie naye siku yake: kachote maji, kachimbe kaburi. Kura usiiweke humo. Kabla hujampa mtu, uliza mali yake imetoka wapi, na nani alilia wakati inapatikana. Aliyetajirika kwa kuvunja sheria, ukimkabidhi sheria, ataitumia kujikinga yeye, na wewe utabaki nje.

Mungu akujalie riziki unayoweza kuwaeleza wanao mchana kweupe. Na siku utakayomzika umpendaye, akuletee watu wa kulia nawe, asiwemo hata mmoja aliyekuja kununua.